Loriot: ndege mwenye "le" mbili

Ukimtafuta ndege huyu wa manjano kwenye kamusi ya Kifaransa, nenda herufi L. Ila hiyo L si yake. Kilatini kilikuwa na neno aureolus, yaani "wa dhahabu", na dume kweli hung'aa hivyo. Kifaransa cha kale kikapata oriol. (Mnamo 1250 Albertus Magnus alidai eti jina linaiga mlio wa ndege. Hapo alikosea.)

Sasa, Kifaransa huweka le mbele ya nomino, na ikikutana na irabu, e hudondoka: l'oriol. Hebu litamke haraka. Utajuaje L ni ya nani? Wasemaji wakasikia loriol, mwisho wake ukageuka -ot, kisha wakaweka le nyingine mbele: le loriot. Lierre, mmea unaotambaa ukutani, nao ulipatwa na hayohayo.

Usiwacheke sana. Kwenye kitab cha Kiarabu, k ni ya mzizi, k-t-b, na wingi wake ni kutub. Sisi tukaisikia ki- ya kiti, tukapata vitabu. Leo ukiandika "kitabu mbili", mwalimu anakukata maksi.