UKIPATA MSHTUKO, USIGUSE HELA KWA LISAA LIMOJA

Mfanyabiashara, hii ni ya kwako wewe wa Kakola, Bugarama, Ilogi na popote unaposoma.

Simu inaita: "Mwanao kaanguka shule, tuma laki mbili ya matibabu haraka." Au unafika dukani asubuhi, kufuli limevunjwa. Au unasikia mgodi unapunguza watu, na daftari lako la mkopo limejaa majina ya watu wa mgodini.

Kabla hujafikiria chochote, moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, tumbo linakata, kijasho chembamba kinatoka. Hujalogwa na siyo uoga. Ni mwili unafanya kazi yake. Ukiuelewa, utaokoa hela nyingi.

NINI KINATOKEA MWILINI?

Ubongo ukihisi hatari hausubiri uhakika. Unapiga kengele, na vitezi viwili vidogo vilivyokaa juu ya figo vinamwaga homoni inayoitwa adrenalini. Ni suala la sekunde tu.

Moyo unaongeza kasi ili damu iende kwenye misuli ya mikono na miguu. Ini linaachia sukari kwenye damu, ndiyo nguvu ya kukimbilia. Pumzi inakuwa fupi fupi. Tumbo linasimamisha kusaga chakula, maana siyo wakati wake. Mate yanapungua.

Baada ya hapo inafuata homoni ya pili, kotisoli. Hii inapanda polepole, inafika juu baada ya kama dakika 20 hadi 30, halafu inashuka taratibu. Ndiyo maana unaweza kujiona umetulia kumbe bado.

Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliandika kuhusu hali hii mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Ukikutana na fisi usiku, ni msaada mkubwa. Ukiwa na simu mkononi na salio la mtaji ndani yake, ni hatari. Maana wakati huo akili inaona kitu kimoja tu, hatari iliyo mbele. Hesabu, kumbukumbu na mashaka vinakaa pembeni.

MATAPELI WANALIJUA HILI

Ndiyo maana kila meseji ya tapeli ina neno "haraka". Anataka utume kabla mwili haujatulia. Ukipewa dakika tano tu za kuamua, hiyo peke yake ni dalili.

HASARA YA KWELI HAIJI KWA NUSU SAA

Tukumbuke ya hapa kwetu. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia kwenda nje ya nchi. Septemba mwaka huo Acacia, waliokuwa wanaendesha Bulyanhulu, wakatangaza kupunguza shughuli na wafanyakazi. Kwa mama ntilie, mwenye nyumba za kupangisha na bodaboda, mshahara wa mgodini ndiyo mauzo yao. Habari ile ilikuwa ya kweli na iliuma.

Lakini angalia muda wake. Toka katazo mpaka tangazo ilipita miezi sita. Barrick wakaichukua Acacia mwaka 2019, na mwisho wa 2020 kazi ya chini ya ardhi ikaanza tena. Yaani ni habari ya miaka. Mwili wako wenyewe unaipokea kama fisi aliyeko mlangoni. Ukiuza friji kwa bei ya kutupa siku ileile, unajibu fisi ambaye hayupo. Kuna muda wa kupunguza mzigo, kukusanya madeni na kufunga mkopo mpya. Ila siyo ndani ya lile lisaa la kwanza.

FANYA HIVI

1. Kaa chini. Vuta hewa puani ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6. Rudia kama mara kumi. Kutoa pumzi polepole kunasaidia moyo upunguze kasi.

2. Tembea dakika 10. Damu na sukari vimepelekwa miguuni, vitumie.

3. Kunywa maji. Enaji na kahawa acha kwanza, zinaongezea moyo mbio. Pombe nayo si ya kuamulia.

4. Piga mwenyewe namba unayoijua: mwalimu, mke, mume, jirani. Usipige ile iliyokupigia.

5. Andika kwenye karatasi: kimetokea nini, nimepoteza kiasi gani, nani ananidai, leo lazima nilipe nini. Ukiandika namba, hofu inapata mpaka.

6. Lisaa likipita, ndiyo uamue.

Jambo moja halisubiri: kama umeshatuma hela kwa tapeli, pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako palepale. Namba ya tapeli itume kwenda 15040 ya TCRA.

NA HILI USILIPUUZE

Mshtuko wa kawaida unapita. Ukisikia kifua kinabana, mkono au upande mmoja wa mwili unakufa ganzi, au ulimi unakuwa mzito, usikae kuhesabu pumzi. Nenda hospitali muda huohuo. Na kama wiki zinapita hulali na moyo haushuki, kapime presha.

Duka linaweza kufunguliwa tena, mwenye duka hana spea.

Mtumie mwenzako wa soko naye asome, kabla hiyo simu haijamfikia.