Matchi ya kirafiki inatuonyesha nini?

Kila kiangazi, mbele ya championa kuanza, wapenzi wa mpira hapa Likasi wanagombana. Panda ikishinda matchi moja ya kirafiki: «Mwaka huu ni wetu!» Ikipigwa: «Mwalimu afukuzwe!» Rafiki mmoja wa darasa letu aliona ekipe yake inaingiza goli tatu, akaweka franga za kaye juu ya matchi ya kwanza ya pointi. Zikapotea.

Sababu gani? Mu matchi ya kirafiki mwalimu anaweza kubadilisha karibu ekipe yote, maana anatafuta nani anajua kazi. Tena ni wakati wa mazoezi makali, miguu iko mizito. Pengine zile goli tatu zimeingia mbele ya wachezaji wa akiba tu.

Mimi naangalia kitu ingine: mpira ukipotea dakika ya 80, wanarudi nyuma mbio? Mabeki wanasikilizana? Hapo hawadanganyi sana.

Na hata ekipe yenye kukomaa inabadilika upesi. Tarehe 8 Novemba 2015, kule Lubumbashi, Mazembe ilipiga USM Alger 2-0, ikachukua kombe la Afrika mara ya 5. Tarehe 13 Desemba, kule Japani, Sanfrecce Hiroshima ikaipiga 3-0. Juma tano tu! Basi ile yenye kuanza kujengwa, tutaijua kwa matchi moja namna gani?

Rafiki yetu sasa anaandika masomo nyuma ya kaye ya mwaka jana.