KUBADILI SURA YA MOTOKAA

Watu wengi wa Mbeya na Iringa wakisha kununua motokaa hupenda kuipamba: huyu aipaka rangi mpya, yule aongeza taa. Hudhani kuwa mali ni yao, basi hakuna wa kuwauliza. Sivyo, na twapenda wasomaji wetu wafahamu sababu yake.

Kila motokaa ina kadi, na katika kadi hiyo Mamlaka ya Mapato Tanzania imeandika namba, aina ya bodi, injini na rangi. Gari likiibwa, polisi hulitafuta kwa namba na rangi yake. Basi mtu aliyepaka gari jeupe rangi nyekundu bila kuiarifu Mamlaka, kadi yake yasema uwongo. Akisimamishwa Mafinga au Makambako aweza kudhaniwa mwizi, ingawa gari ni lake kwa halali. Nani atamshuhudia huko njiani? Sharti aarifu, gari likaguliwe na kadi isahihishwe. Mnunuzi naye asitoe fedha kabla ya kulinganisha kadi na gari lenyewe.

Habari za taa na usalama wa gari zimo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Taa nyekundu ni za nyuma. Dereva apandaye Kitonga usiku wa ukungu akiona nyekundu, ajua kuwa gari lililo mbele yake laenda aendako yeye. Mwenye kuitia mbele ampoteza mwenzake ukingoni mwa korongo. Taa za buluu za kumetameta na ving'ora si mapambo. Ni vya polisi na magari ya dharura. Wala kibao cha namba kisifunikwe.