Ukoka unavuka mpaka? Chagua ukingo wa bustani unaofaa Tabora

Mvua za Novemba zikianza Tabora, ukoka haupigi hodi. Baada ya wiki chache umeshavuka bustani, umeingia kwenye tuta la mchicha na unanyemelea kibaraza.

Ukoka hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia. Ndiyo maana mstari wa mawe yaliyopangwa juujuu hupendeza macho tu, haumzuii mtu.

Mtaro: bei rahisi, kazi ya kurudia

Funga kamba kwenye mambo mbili. Penye kona, laza mpira wa maji upate mchoro. Kata kwa koleo kali kina cha sentimita 10 hadi 15: upande wa ukoka uwe wima, upande wa maua uteremke.

Shida ni kwamba udongo wa kichanga huporomoka. Msimu wa mvua utalazimika kuukata upya mara kwa mara. Ukifika kwenye mwembe, kaa mbali na shina, usije ukakata mizizi.

Tofali za kuchoma: nadhifu na za kudumu

Gonganisha mbili: zikilia kama chuma, zimeiva. Zisizoiva humomonyoka kwa mvua. Zifukie, ubakize uso ulingane na ardhi ili fyekeo lipite bila kugonga, na zibane vizuri, kwani ukoka hupita hata kwenye upenyo mdogo.

Tanuri hula kuni nyingi za misitu ya miombo, kwa hiyo anza na mabaki ya ujenzi. Ni nafuu pia.

Mawe

Hayaozi wala hayaliwi na mchwa. Yafukie nusu, kisha jaza mapengo kwa kokoto na saruji kidogo.

Vya kuepuka

• Miti na mbao: mchwa watamaliza kazi mapema.
• Chupa: fyekeo likizigonga, vigae vinasubiri watoto wanaocheza peku.
• Matairi mazima: hutuamisha maji, na mbu wa dengi huzaliana humo.

Kosa linalogharimu nyumba

Ukingo ulioinuka unaweza kuzuia maji ya mvua yakatuama ukutani. Kwa nyumba ya tofali mbichi, hiyo ni hatari kubwa kuliko ukoka wenyewe. Matembe ya zamani kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kama lile la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, yalikuwa ya udongo, na adui wa udongo ni maji.

Kabla ya kuchimba, subiri mvua moja inyeshe uone maji yanaelekea wapi. Hapo acha mwanya.

Huna hela? Chimba mtaro msimu huu. Tofali utaziokota kidogokidogo, ukijua tayari mstari upite wapi.