TOVUTI YA CHAMA IJARIBIWE KABLA YA KUTUMIKA

Mkulima wa pamba wa Shinyanga au Geita hakubali mzigo wake upimwe kwa mizani isiyokaguliwa. Tovuti ya chama nayo yastahili ukaguzi wa namna hiyo. Tarakimu moja ikikosewa katika tangazo la bei, au ukurasa ukigoma kufunguka katikati ya msimu, anayeumia ni mwanachama: atasafiri bure hadi kituoni, au atamwuzia mlanguzi.

Kwa sababu hiyo, fundi hapaswi kurekebisha tovuti ambayo wanachama wanaitumia. Aijaribu kwanza ndani ya kompyuta ya ofisi kwa njia ya kontena. Kontena ni kifurushi kilichobeba programu pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi. Njia hii ilienea baada ya Docker kutolewa mwaka 2013. Faida yake ni kwamba kazi iliyoandaliwa Kahama huweza kuendelezwa Chato bila kupanga kompyuta upya.

Utaratibu ni huu:

(a) Docker iwekwe katika kompyuta. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 yatosha kwa kazi hii.

(b) Liandikwe faili la compose.yaml, lenye kueleza kontena mbili: ya tovuti, kwa mfano WordPress, na ya hifadhidata, kwa mfano MariaDB. Namba za matoleo zilingane na zile za tovuti halisi.

(c) Mlango wa tovuti uandikwe 127.0.0.1:8080:80, ili majaribio yaonekane katika kompyuta hiyo peke yake.

(d) Itolewe amri ya docker compose up, kisha ifunguliwe anwani ya localhost:8080. Mara ya kwanza vifurushi hupakuliwa. Ni vema kufanya hivyo penye mtandao mzuri. Baadaye kazi huendelea hata bila intaneti.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, kontena ikifutwa, kumbukumbu zilizomo hupotea. Hivyo hifadhidata iwekwe katika hifadhi iliyo nje ya kontena. Pili, majina na simu za wanachama yasitumike katika majaribio, kwani yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina ya kubuni yatosha.

Si lazima kila chama kiwe na fundi wake. Faili likiandikwa vizuri na chama kimoja, vyama jirani vyaweza kulitumia. Huo nao ni ushirika.