Kindu–Kinshasa: Ndege Ni ya Masaa Ngapi?

Ndugu mfanyakazi, swali hili unalisikia kila mara likizo inapokaribia. Ukivuta mstari ulionyooka katika ramani, toka kiwanja cha ndege cha Kindu mpaka kile cha N'djili, utapata karibu kilometa 1170. Ndege kubwa yenye kukimbia kilometa 700 au 800 kwa saa inaumaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu. Ongeza kupanda na kushuka, sema masaa mawili. Ndege ndogo inakawia zaidi. (Stanley aliondoka Nyangwe Novemba 1876, akafika Boma Agosti 1877. Basi tusinung'unike sana.)

Lakini kama mgonjwa wako yuko Nyangwe, masaa mawili hayo yanakudanganya. Nyangwe mpaka Kindu ni karibu kilometa 150 kwa mstari ulionyooka, na barabara haifuati mstari huo. Kuna matope, na kuna Lualaba ya kuvuka, maana Nyangwe iko upande wa mashariki na kiwanja cha Kindu kiko magharibi. Mama anayetoka damu au mtoto mwenye kifafa cha malaria, usimpeleke kungojea ndege. Mpeleke mara moja lopitali iliyo karibu zaidi, kama ile ya Kasongo, ambako hakuna kuvuka Lualaba. Munganga ndiye atakayesema kama anaweza kusafirishwa mbele.

Wewe uliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi la mawe, sikiliza vizuri. Kindu iko mita karibu 500 tu juu ya bahari. Ndani ya ndege kubwa, hewa inakuwa kama ya mlima wa mita 1800 mpaka 2400, hata kama umekaa kitini bila kazi. Mapafu mazima hayasikii kitu. Mapafu yaliyoharibiwa na vumbi yanaweza kukosa hewa ya kutosha. Jipime nyumbani: tembea mita 50 kwa mwendo wa kawaida. Kama pumzi inakatika, usinunue tikiti kabla ya kumwona munganga. Na yule aliyepasuka pafu, hewa ikaingia kifuani, asipande kabisa mpaka apewe ruhusa, kwa sababu hewa ile inavimba ndege ikiwa juu.

Jambo la mwisho ni saa ya mkononi. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiondoka Kindu saa 4 za asubuhi, ukaruka masaa mawili, utakuta saa ya Kinshasa ni 5. Sasa, mtoto aliyemeza kidonge cha kwanza cha malaria Kindu saa 2 asubuhi, kama munganga alisema cha pili ni baada ya masaa 8: yaani saa 10 kwa saa ya Kindu, lakini saa 9 kwa saa ya Kinshasa. Dawa ziweke katika mfuko wa mkononi, si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.