Masharti Hutangulia Fedha



Mwezi Machi 2009 wananchi wa Marekani walishikwa na hasira kubwa juu ya kampuni moja ya bima, American International Group, ijulikanayo kwa kifupi kama AIG. Kampuni hiyo, iliyokuwa ikiishi kwa fedha za serikali, ilikuwa imewalipa watu wa idara yake moja bonasi ya dola milioni 165. Yafaa tueleze jambo hilo lilitokeaje, kwani funzo lake haliishii Marekani.

Idara yenyewe iliitwa Financial Products. Kazi yake ilikuwa kudhamini madeni: mabenki yaliilipa ada, nayo ikaahidi kuyafidia iwapo madeni, yakiwamo ya mikopo ya nyumba, hayatalipwa. Ada ilipokewa, lakini akiba ya kutosha ya kutimizia ahadi haikuwekwa. Bei za nyumba zilipoanguka, ahadi zikadaiwa. Tarehe 16 Septemba 2008 Benki Kuu ya Marekani ilikubali kuikopesha AIG hadi dola bilioni 85, na serikali ikapata haki ya karibu asilimia 80 ya kampuni. Baadaye ahadi za msaada zilifikia kiasi cha dola bilioni 182.

Ndipo zikaja bonasi, tena kwa idara ile ile iliyoizamisha kampuni. Watu 73 walipata zaidi ya dola milioni moja kila mmoja. Malipo yalisemekana kuwa ya kuwashawishi wasiondoke. Hata hivyo, 11 kati yao walikuwa wamekwisha kuacha kazi.

Mtu aweza kusema kwamba fedha hizo hazifiki dola moja katika kila elfu ya msaada. Ni kweli. Lakini tangu mwisho wa 2007 nafasi za kazi zipatazo milioni 5 zilikuwa zimepotea nchini humo, na watu wengi walikuwa wakitolewa katika nyumba zao. Askari anaelewa jambo hili bila kuelezwa sana. Chakula cha kikosi kikipungua, mkubwa hatangulii kujipakulia. Akijipakulia, nidhamu huanza kulegea, hata kama sahani yake haikupunguza chungu.

Kampuni ilijitetea kwa mikataba. Edward Liddy, mkuu aliyewekwa baada ya msiba, na ambaye mshahara wake ulikuwa dola moja kwa mwaka, aliwaambia wabunge kwamba malipo hayo hayakumpendeza, lakini mikataba ya mapema 2008 iliifunga kampuni. Sheria nayo ilikuwa na tundu. Sheria ya kufufua uchumi ya Februari 2009 iliwekea mipaka bonasi katika makampuni yaliyosaidiwa, lakini ikaiacha mikataba iliyofungwa kabla ya tarehe 11 ya mwezi huo.

Tarehe 19 Machi Baraza la Wawakilishi, kwa kura 328 dhidi ya 93, lilipitisha mswada wa kutoza bonasi hizo kodi ya asilimia 90. Baraza la Seneti halikuupitisha. Waandamanaji walifika hadi majumbani mwa maofisa, na kampuni ikawashauri wafanyakazi wake wasivae hadharani vitu vyenye nembo yake. Kwa shinikizo la Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, baadhi walikubali kurudisha jumla ya kiasi cha dola milioni 50.

Kufikia mwisho wa 2012 serikali ilikuwa imeuza hisa zake zote na kupata ziada ya dola bilioni 22.7. Ziada hiyo haikufuta swali la raia: kwa nini masharti yalitafutwa baada ya fedha kutoka?

Ndugu wasikilizaji, mtunza ghala la silaha hatoi bunduki kwanza, kisha akaanza kutafuta kitabu cha sahihi. Serikali iokoayo kampuni kwa mali ya umma haina budi kufanya vivyo hivyo. Siku ya kukopesha ndiyo siku ya kuuliza nani atalipwa nini, kwani kampuni iliyo ukingoni mwa kufilisika haina la kukataa. Siku hiyo ikipita, mikataba ndiyo husema, na majuto ni mjukuu.